Nina miaka 56, magoti yananisumbua, na niliahidi kutembea mpaka Santiago

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu. Nalifupisha: ana miaka 56, amefundisha shule ya msingi karibu maisha yake yote. Alipokuwa mgonjwa sana alimwahidi Mungu kwamba akipona atatembea kwa miguu mpaka kaburi ya Mtakatifu Yakobo kule Santiago de Compostela, Hispania. Amepona. Binti yake anaishi Liège, Ubelgiji, amemwalika, na tikiti atalipa yeye. Mama anakunywa dawa ya tansio (shinikizo la damu) kila asubuhi, na magoti yanamuuma akishuka mlima, akipanda hapana. Anauliza kama ataweza ile njia yote ya mahujaji ya kutokea Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania, viatu gani, abebe nini, na kwa mwisho kabisa ameuliza, kwa haya kidogo, kama kule kuna bugali.

Jambo mama, na pole kwa yote umepitia. Mimi kazi yangu ni kine, yaani mtu wa kutibu viungo na misuli kwa mazoezi, magoti na migongo ya watu wa Bukavu njo inanilisha, na ile njia nimeitembea mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili vizuri, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi na pia kama mtu aliyepigwa na njia.

Kutembea unajua. Mtu aliyepanda na kushuka vilima vya Bagira na Kadutu miaka 30 hakuna mtu wa Ulaya atamfundisha kutembea. Nimeona kule vijana wa miaka 25, saki ya bei (mfuko wa mgongoni), viatu vya bei, wamekaa chini kando ya njia kwenye kilomita ya 15 wanalia, juu maisha yao yote wamekaa ndani ya gari. Hewa nayo isikuogopeshe: fasi ya juu kabisa ya njia yote, pale karibu na msalaba wa chuma unaitwa Cruz de Ferro, iko mita 1,500 na kitu. Ziwa letu Kivu peke yake liko mita 1,460! Yaani wewe unaishi juu kuliko karibu njia yote, wengine watahema wewe utakuwa unaongea.

Kitu usichojua ni kingine. Sisi huku tunatembea ili tufike, tunakimbilia soko lisifungwe, tunakimbilia mvua isitukute, tunakimbilia mpaka wa Rwanda kabla ya saa ya kufunga, na mwili umezoea ile mbio ya saa moja halafu kukaa. Kule ni kutembea saa sita, kulala, kuamka, kutembea tena saa sita, wiki tano ao sita, na mwili wenye nguvu unadanganya, unaenda mbio siku tatu za kwanza juu unajiona mzima, siku ya nne kano ya mbele ya mguu inavimba na safari inaishia pale. Njo ilinipata mimi. Mara ya kwanza nilinunua viatu vipya Bruxelles siku mbili kabla, saki kilo 11, na siku ya kwanza nilitaka kumwonesha Mjerumani mmoja kwamba sisi watu wa milima hatuchoki. Nilifika Logroño, kilomita 160 tu, nikalala siku tatu kitandani na malengelenge saba, nimeyahesabu. Kine mzima! Yule Mjerumani nilikuja kusikia alifika zamani.

Sasa tuanze na viza, juu viza njo itaamua utembee siku ngapi, na hapa watu wengi wanakosea. Njia ya kutokea Saint-Jean mpaka Santiago ni kama kilomita 780. Vitabu vinaigawa kwa siku 33 hivi. Kwa magoti yako mimi nasema kilomita 20 kwa siku hivi, siku zingine 15, na siku moja ya kupumzika kila wiki ao zaidi kidogo, unapata siku kama 43 ao 45. Ongeza wiki mbili kwa binti yako, umefika siku 60. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inaruhusu mwisho siku 90 ndani ya siku 180, ila wanakupa siku zile umeomba na umeeleza, kwa hiyo usiombe mwezi mmoja halafu utumaini kuongeza kule. Na sikia vizuri: viza inaombwa kwa nchi ambako utakaa siku nyingi zaidi. Ukikaa siku 45 Hispania na 15 Ubelgiji, ni Hispania, ata kama anayekualika yuko Liège na ata kama ndege inatua Bruxelles. Ukitembea wiki moja tu na kukaa mwezi kwa binti, hapo ni Ubelgiji. Ukichanganya wanakurudishia karatasi na feza imeenda. Tena wanataka asiransi (bima) ya safari inayofunika euro 30,000 kwenda juu, hakikisha inafunika siku zote za kutembea, si zile za Liège tu.

Na kama viza inatoka ya siku chache? Hapo mama usijilaumu na usikimbie. Unaanzia León, kilomita 310 hivi, siku 17 ao 18 polepole. Ao unaanzia Sarria, kilomita 115, wiki moja. Kanisa kuu la Santiago linatoa ile karatasi ya Kilatini, Compostela, kwa kila mtu aliyetembea kwa miguu angalau kilomita 100 za mwisho, hawaulizi kwa nini hukuanzia mbali. Ahadi yako ulisema "nitatembea mpaka kaburi", hukutaja kilomita. Lakini hiyo ongea na padiri wako, mimi nasema ya magoti.

Magoti basi, hapa nitakaa.

Umesema yanauma kushuka. Kushuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kukuzuia usianguke, na ile sahani ndogo ya goti inasukumwa kwa nguvu juu ya mfupa, kila hatua. Ile misuli ikiwa dhaifu goti linabeba yote. Kwa hiyo dawa ya kwanza si krimu wala mafuta ya nguruwe mwitu wanayouza sokoni (samahani wenye kuuza), ni kuimarisha paja. Anza leo, miezi mitatu kabla: simama mbele ya ngazi ya nyumba, mguu mmoja juu ya ngazi, shusha mguu mwingine polepole kabisa mpaka kisigino kiguse chini, hesabu mpaka tano, rudi. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ikiuma sana tumia ngazi fupi zaidi ao tofali moja. Wagonjwa wangu wanacheka kwanza, wiki ya tatu wananipigia telefoni.

Dawa ya pili ni fimbo mbili. Si moja, mbili. Najua utaona haya, utasema unaonekana kama mzee, mimi pia nilisema hivyo. Kwenye kushuka unazitanguliza mbele, mikono inabeba sehemu ya uzito ambayo goti lingebeba. Zinunuliwe kule Saint-Jean, kuna maduka ya mahujaji pale pale, juu kwenye ndege mara nyingi hawakubali uingie nazo ndani, na kuzirudisha ni kichwa kuuma.

Dawa ya tatu ni kujua miteremko mibaya iko wapi ili usifike pale umechoka. Nakutajia ile iliyonitesa. Siku ya kwanza kabisa: unatoka Saint-Jean mita 170 hivi, unapanda mpaka mita 1,430, halafu unashuka Roncesvalles. Kilomita 25, na watu wanaifanya siku moja. Wewe usiifanye siku moja. Kilomita kama 8 baada ya Saint-Jean kuna nyumba ya kulala inaitwa Orisson, vitanda ni vichache, binti yako aweke nafasi mapema, ulale pale, kesho umalize. Na ukifika kule juu mwisho wa kupanda, utaona njia mbili za kushuka: moja inaingia kwenye pori moja kwa moja, kali sana, nyingine inazunguka kwa Ibañeta, ndefu kidogo lakini taratibu. Chukua ya Ibañeta. Watu watakupita wakienda ya porini, waache waende. (Ile njia ya juu inafungwa kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwisho wa mwezi wa 3 juu ya theluji, wakati ule wanapita bondeni kwa Valcarlos.)

Kisha kabla ya Zubiri, mawe yenye kuteleza, mvua ikinyesha ni kama sabuni. Baada ya Pamplona, kushuka kwa Alto del Perdón, mawe madogo madogo yanayobingirika chini ya mguu, mtu wa Goma angejisikia nyumbani. Halafu mbali sana mbele, baada ya Cruz de Ferro, unatoka mita 1,500 unashuka mpaka Molinaseca mita 600, karibu mita 900 za kushuka, kwenye mawe, na hii njo ya kutisha kuliko zote kwa goti lako. Usiimalize siku moja. Kuna kijiji katikati, El Acebo, lala pale ata kama ni saa saba mchana tu na jua bado linawaka. Na ya mwisho ni kutoka O Cebreiro kwenda Triacastela. Baada ya hapo ni vilima vya kawaida, kama kwetu.

Tansio. Dawa zako beba za siku zote na za wiki moja zaidi, ndani ya saki ndogo unayoingia nayo kwenye ndege, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la dawa lenyewe, si jina la kampuni, juu kule boksi linaweza kuitwa kingine. Kule farmasi zina msalaba wa kijani unaowaka, ziko karibu kila mji. Na sasa kitu ambacho nakuomba usisahau: njiani kila mtu atakupa ibuprofen. Wanaila kama bonboni, asubuhi na jioni. Wewe hapana, na diklofenaki pia hapana, hata ile tunayozoea kununua hapa bila kuuliza. Zinapandisha tansio, na zikichanganyika na dawa zingine za tansio na mtu amekosa maji mwilini, figo zinaumia. Tena zinaficha maumivu, goti linalia "simama" wewe husikii. Maumivu yakikushika tumia parasetamoli, barafu ao maji ya baridi ya mto, miguu juu ya ukuta dakika 15. Na kama dawa yako ni ile ya kukojolesha, muulize daktari kabla ya kwenda, afikirie kipimo chake kwa siku za jua kali.

Jua kali ni kwenye Meseta, ile tambarare kati ya Burgos na León, karibu kilomita 200 za mashamba ya ngano bila mti. Kuna kipande kimoja baada ya Carrión de los Condes, kilomita 17 hakuna kijiji, hakuna maji, pale beba lita mbili. Wengine wanaruka Meseta na basi, wanasema haina kitu. Mimi naona njo fasi nzuri kuliko zote: huko njo mtu anasali kweli, hakuna kitu kingine cha kufanya. Basi usiende mwezi wa 7 wala wa 8. Anza katikati ya mwezi wa 4 ao mwanzo wa mwezi wa 5, ao mwezi wa 9. Na ujue jua la Hispania linachelewa, sisi tumezoea saa kumi na mbili kumekucha, kule kwenye mwezi wa 9 mwishoni ukiwa Galisia, jimbo la mwisho lenye Santiago, saa mbili ya asubuhi jua bado halijatoka. Usitoke gizani peke yako, hakuna kitu kinakukimbiza.

Ukifikiria mwaka wa 2027, ujue utakuwa Mwaka Mtakatifu kule, maana sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 mwezi wa 7, itaangukia Jumapili. Mlango Mtakatifu utafunguliwa, ni neema kubwa, lakini watu! Mwaka wa 2024 tu, ambao haukuwa wa namna hiyo, ofisi ya mahujaji ilipokea karibu watu 500,000. Kutoka Sarria utatembea kama siku ya soko Kadutu.

Viatu. Mateso mengi ya miguu nimeyaona yanatoka kwa viatu vidogo. Miguu inavimba kwa kutembea siku nyingi, kwa hiyo chukua namba moja zaidi ya ile unavaa, ao nusu, na upime jioni si asubuhi. Si lazima yale mabuti mazito ya kupanda Nyiragongo, basketi (raba) nzuri ya kutembea yenye soli ngumu inatosha kwa mwezi wa 5 ao wa 9. Usichukue viatu vilivyovaliwa na mtu mwingine ata kama ni vya bei na vizuri, soli imeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe. Binti avinunue sasa, amtumie mtu anayekuja, uvivae hapa miezi miwili, kanisani, sokoni, kila fasi, ukifika Saint-Jean viwe vyako. Soksi za sufu, si za pamba, pamba inashika jasho na jasho njo mama wa malengelenge. Pea tatu zinatosha. Asubuhi paka vaselini kati ya vidole, mchana simama, vua viatu, badilisha soksi, acha miguu ipige hewa. Kambambili za plastiki kwa jioni na kuoga.

Ukisikia tu fasi moja inawaka, simama SAA ILE ILE, usiseme nitaangalia nikifika. Weka sparadra (plasta ya kubandika). Lengelenge likishatoka na ni dogo haliumi, liache, lifunike. Likiwa kubwa limejaa: nawa mikono, osha na betadini, sindano mpya, toboa pembeni, kamua taratibu, ngozi iache pale pale usiitoe, betadini tena, funika. Kule watakuambia upitishe uzi na kuuacha ndani. Kataa, ule uzi ni njia ya uchafu kuingia. Na zile plasta nene za jeli wanazouza kwenye farmasi ni nzuri kwa fasi nzima, si kwenye kidonda kilicho wazi ao chenye usaha.

Saki. Mama, wewe unaona kila siku wale mama wanaobeba mizigo na kamba kwenye paji la uso, wanapandisha Kadutu kilo ambazo sitaki kuzitaja. Usijipime nao, na usiseme "mimi mwana wa Kivu naweza kubeba". Wanabeba juu hawana namna, na mimi njo napokea ile migongo. Wewe saki yako, na maji ndani, isipite sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Ukiwa na kilo 70, kilo 7, ikiwa 6 ni vizuri zaidi. Mkanda wa kiuno ukazwe juu ya mifupa ya nyonga, uzito ukae pale, mabega yashike tu. Ndani: nguo za kubadilisha mara mbili, utafua kila siku, pulova moja, koti ya mvua, mfuko mwepesi wa kulalia, kitambaa cha kuogea, dawa, pasipoti ndani ya plastiki, telefoni na chaja, sabuni kipande, vizibo vya masikio. Kitenge kimoja beba, kinakuwa shuka, kanga ya kuogea, pazia, kila kitu, wazungu walikuwa wananionea wivu na changu. Biblia nzima acha, chukua Agano Jipya lile dogo ao weka kwenye telefoni. Hakuna zawadi, hakuna viatu vya kanisa, hakuna pasi. Kuna siku ambazo goti litakataa, hapo kuna huduma ya kupeleka saki na gari mpaka kituo cha jioni, euro chache tu, hata posta ya Hispania inafanya hiyo kazi. Tumia siku za miteremko niliyokutajia. Nimesikia watu wanasema si hija ya kweli ukifanya vile, hao hawana goti lako.

Mazoezi hapa nyumbani: wiki ya kwanza tembea saa moja kila siku, kisha saa mbili, mwezi wa tatu siku mbili mfululizo za saa nne ao tano, Jumamosi na Jumapili baada ya misa, na saki yako yenye kilo tano za maharagi. Tafuta barabara ambayo unajua ni salama siku ile, ata ukizunguka Nyawera na Kadutu mara tatu si aibu, vilima ni vile vile. Na muhimu kuliko kilomita: jizoeze kwenda polepole. Ukitembea na mtu, muongee. Ukishindwa kuongea sentensi nzima unaenda mbio.

Kulala ni kwenye albergue, nyumba za mahujaji, vitanda vya ghorofa, wanaume na wanawake chumba kimoja mara nyingi, hilo ulijue mapema usishtuke. Za manispaa na za parokia ni bei ndogo, euro 10 hivi mpaka 15, zingine unatoa sadaka tu, za watu binafsi zaidi kidogo. Unalala usiku mmoja tu, saa nne ya usiku taa zinazimwa, saa mbili asubuhi wote nje. Ukifika omba kitanda cha chini, sema "abajo", na kwa umri wako hawatakukatalia kama kipo. Angalia mishono ya godoro, kunguni wako hata Ulaya, na saki usiiweke juu ya kitanda. Ili upokelewe lazima uwe na karnet ya hujaji, credencial, unaipata ofisi ya mahujaji Saint-Jean, wanapiga muhuri kila unapolala. Kilomita 100 za mwisho mihuri miwili kwa siku angalau, usisahau, kanisani ao kwenye baa wanapiga pia. Pasipoti watakuomba kila jioni kuandika, ni sheria yao kwa wote, usifikiri ni wewe peke yako.

Feza, weka euro 40 kwa siku na akiba pembeni. Kutoka Liège ni treni mpaka Paris, Paris mpaka Bayonne, halafu katreni kadogo ka saa moja mpaka Saint-Jean. Kifaransa kinakufikisha hapo, na njiani mahujaji wengi wanakisema. Kwa Kihispania jua "buen camino", ndio salamu ya wote, na kwenye bomba la maji ukisoma "no potable" usinywe. Mchana kati ya saa nane na saa kumi na moja maduka mengi yamefungwa, Jumapili pia, nunua mkate mapema. Njia yenyewe hupotei, fuata mishale ya manjano, aliyeanza kuichora ni padiri wa O Cebreiro, Elías Valiña, miaka ya 1980, na ndoo yake ya rangi. Ukipata shida namba ni 112. Mwanamke peke yake kule wako wengi, lakini wiki ya kwanza jaribu kutembea ukiwaona watu mbele yako ao nyuma. Watu watakuangalia, watakuuliza unatoka wapi, wengi kwa wema, ukisema Kongo watakuuliza ya vita, ujiandae na jibu fupi juu utalirudia mara mia.

Kule Cruz de Ferro watu wanaacha jiwe walilotoka nalo nyumbani. Okota lako pembeni ya ziwa kabla ya kuondoka, dogo kama punje ya mahindi. Nimeona mtu amebeba la kilo.

Na bugali. Hakuna, mama. Ni mkate, viazi, mkate, kuku, mkate tena. Kwenye mkahawa kuna chakula cha hujaji, euro 12 ao 15, sahani mbili na kitu kitamu na divai ukitaka. Ukifika Galisia utafarijika kidogo, kuna supu yao inaitwa caldo gallego, majani ya kijani na maharagi na viazi, mara nyingi na nguruwe ndani, nilipoionja nilikumbuka nyumbani mpaka nikaomba sahani ya pili. Unga usibebe, hata nusu kilo, nakukataza kama kine wako, na sombe ya kukausha usinidanganye kwamba ni nyepesi. Pilipili beba. Gramu 50, iliyosagwa, funga vizuri. Itakufikisha León.